Vikaratasi Viwili na Nyonga Moja: Juu ya Chimbuko la Mapenzi ya Hamza na Afiya

Utangulizi

Muhula uliopita katika semina yetu lilizuka zogo juu ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Afterlives (2020). Mwenzetu mmoja, ambaye huwa hana mchezo na mambo ya historia, alisimama akadai kwamba kitabu hicho kimevunjika katikati. Nusu ya kwanza, alisema, ni vita na ukoloni wa Wajerumani, na hiyo ndiyo kazi ya maana. Nusu ya pili ni mapenzi ya askari aliyeumia na binti wa watu, na hiyo ni sukari tu ambayo mwandishi ameinyunyiza ili dawa inyweke. Wengine tukapiga kelele. Mwalimu akatunyamazisha kwa swali moja: "Haya, hiyo sukari imetoka wapi? Chimbuko lake nini?" Saa ikaisha, tukatawanyika bila jibu.

Makala hii ni jaribio langu la kujibu swali lile. Ila nakiri mapema kwamba jibu sikulipata maktaba. Nililipata nyumbani, Temeke, upande wa Tandika, kwa mtu ambaye hajawahi kusoma riwaya hata moja ya Kiingereza.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mzee aliyekwenda vita vya Kagera akiwa kijana na kurudi mwaka 1979 na mguu mmoja usiokunjika. Sisi tulipokuwa watoto tulikuwa tukimwuliza, "Babu, mguu umefanyaje?" Naye kila siku alikuwa na jibu jipya. Leo bomu, kesho risasi, keshokutwa eti mamba wa Mto Kagera. Mkewe alikuwa akicheka tu huku akiendelea na chapati zake. Yeye humwita mumewe "Afande", na hajui kumwita vinginevyo.

Siku moja umeme ulikatika nikatoka na kitabu changu nikakaa barazani kwao kufuata mwanga wa jioni. Bibi akaniuliza nasoma nini. Nikamweleza kwa kifupi: kijana anakwenda vitani, anaumizwa nyonga, anarudi mjini hana mbele wala nyuma, binti anampenda. Bibi akawaza kidogo, halafu akauliza:

"Na mafao yake, walimlipa?"

Nikasema hapana, Bibi, hawakumlipa.

"Basi hapo ndipo mapenzi yalipoanzia," akasema, akaenda kuwasha kibatari.

Ndugu msomaji, mimi naona bibi yule alimaliza semina nzima kwa sentensi moja. Yaliyobaki ni kuonyesha kwamba riwaya yenyewe inakubaliana naye.

Nyonga ya Hamza

Kwa ambao hawajakisoma kitabu, nieleze kidogo. Hamza ni kijana ambaye utotoni alitolewa kwa tajiri ili kufidia deni la baba yake. Anamkimbia tajiri huyo na kujiandikisha mwenyewe katika Schutztruppe, yaani jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki. Afisa mmoja anamchagua awe mtumishi wake na kumfundisha Kijerumani, nusu kwa upendo na nusu kwa dhihaka, kana kwamba anamfundisha kasuku. Sajini wa Kijerumani anamchukia kwa sababu hiyo hiyo. Vita inapokaribia mwisho na jeshi linasambaratika, sajini huyo anamkata Hamza kwa upanga. Jeraha linampata nyongani. Anauguzwa katika misheni, halafu anarudi katika mji wa pwani alikopita zamani, akichechemea.

Hapa pana jambo ambalo wenzangu wengi walilipita haraka. Hamza hakuumizwa na adui. Hakuna Mwingereza wala Mbelgiji aliyemgusa. Amekatwa na mkubwa wake mwenyewe, wa upande aliokuwa akiupigania. Kwa hiyo jeraha lake haliwezi kuwa nishani. Hawezi kukaa barazani akajisifu kwamba hili nilipata pale tulipowatwanga fulani. Mjini anapokutana na Khalifa, yule karani mpenda maneno, na baadaye rafiki zake wa barazani, akina Maalim Abdalla na Topasi, anaulizwa na kuulizwa tena ametoka wapi. Yeye anajibu nusu nusu. Bi Asha, mke wa Khalifa, anamwona kisirani. Kwa mji ule Hamza ni deni linalotembea, na hakuna anayejua ni nani wa kulilipa.

Nilipofika hapo nikamwelewa jirani yangu. Mtu anayesema leo bomu, kesho mamba, si mwongo. Ni mtu ambaye hajaulizwa na mwenye haki ya kuuliza.

Mkono wa Afiya

Kosa la wale waliosema "sukari" ni kudhani kwamba katika hadithi hii kuna majeruhi mmoja. Wapo wawili. Afiya naye ana jeraha, na alilipata kabla ya Hamza kurudi. Kaka yake, Ilyas, alimtoa katika nyumba ya mateso, akamfundisha kusoma na kuandika, kisha akaondoka kwenda kuwapigania Wajerumani kwa hiari yake, akamrudisha mtoto kule kule alikomtoa. Mlezi wake alipogundua kwamba msichana anajua kuandika alimpiga mpaka akamvunja mkono. Mkono huo haukupona sawasawa.

Tuyaweke majeraha haya mawili pamoja. Afiya amevunjwa mkono kwa sababu ya kujua kuandika. Hamza amekatwa nyonga na mtu aliyechukizwa kwamba mwafrika anafundishwa kusoma Kijerumani. Yote mawili ni adhabu ya elimu. Sisi tulio hapa Mlimani tunapenda kusema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Kumbe katika riwaya hii ufunguo huo kwanza umevunja mifupa.

Na bado dawa imetoka huko huko. Afiya, baada ya kuvunjwa mkono, anaandika kikaratasi kifupi mno cha kuomba msaada, na kikaratasi hicho kinapita mkono kwa mkono mpaka kinamfikia Khalifa, naye anakwenda kumchukua. Miaka inapita. Hamza, ambaye ameachiwa na yule afisa kitabu cha mashairi ya akina Schiller cha mwaka 1798, anachukua beti moja la Kijerumani, analitafsiri kwa Kiswahili, analiandika juu ya kikaratasi na kumpa Afiya kwa siri. Hivyo ndivyo mapenzi yao yanavyotamkwa.

Hivi vikaratasi viwili ndivyo nguzo za kitabu. Kimoja ni kilio, kingine ni mapenzi. Vyote vimefichwa, vyote vimeandikwa na watu walioadhibiwa kwa kujua herufi. Zaidi ya hapo, Gurnah aliyeandika riwaya nzima kwa Kiingereza ameviacha vikaratasi vyote viwili kwa Kiswahili ndani ya ukurasa. Nadhani msanii hakufanya hivyo kwa kupamba tu. Mahali mwili unapolia na mahali unapopenda, lugha ya mkopo imewekwa kando. Kwa sisi wasomaji wa Kiswahili hilo ni jambo la kutia moyo na pia la kutia uchungu, na uchungu wenyewe nitaurudia mbele.

Kwa hiyo nusu ya pili ya kitabu haikutundikwa juu ya nusu ya kwanza kama pazia. Mapenzi yanaanza pale ambapo kikaratasi kimoja kilichowahi kujibiwa kinamfanya mtu ajue namna ya kukijibu cha pili. Afiya anajua maana ya kuandika ukiwa umeumia. Ndiyo maana anaweza kumsoma Hamza, na ndiyo maana nyonga ile iliyofichwa barazani inasimuliwa kwake.

Mtu wa kweli na karatasi zisizojibiwa

Sasa tutoke nje ya kitabu kidogo. Ukitafuta binadamu halisi anayefanana na watu wa riwaya hii, hasa Ilyas, utamkuta ni mzaliwa wa hapa hapa Dar es Salaam. Alizaliwa mwaka 1904 akiitwa Mahjub bin Adam Mohamed, na baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Vita ilipoanza mwaka 1914 mtoto huyu wa miaka kumi aliingizwa jeshini pamoja na baba yake. Oktoba 1917, katika mapigano makali ya Mahiwa kule Lindi, alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza.

Mwaka 1929 alifika Berlin. Miongoni mwa mambo yaliyompeleka ni kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, ambao haukuwahi kulipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Baadaye akaomba nishani waliyopewa wapiganaji wa vita ile, akanyimwa pia. Alifanya kazi ya kuwahudumia wateja mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika sinema za kusifu ukoloni uliomwumiza. Januari 1933, mwezi ule ule Hitler aliposhika madaraka, alimwoa mwanamke aliyeitwa Maria Schwandner. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo kwa sheria za Wanazi lilikuwa uchafuzi wa damu, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alifia huko Novemba 1944.

Ilyas wa riwaya naye anaishia Ujerumani na kufia Sachsenhausen. Mfanano uko wazi kwa yeyote anayeweka maisha hayo mawili kando kwa kando. Lakini mimi ninalotaka kulisisitiza ni jingine. Katika maisha ya Husen zipo karatasi, tena nyingi: madai ya mshahara, maombi ya nishani. Aliziandika kwa dola, na dola ikajibu hapana. Alipopenda, dola hiyo hiyo ikayaita mapenzi yake jinai. Msanii akiyatazama maisha kama haya anaweza kuyaandika kwa namna mbili. Anaweza kuyafuata mpaka kambini, nayo yakawa ya Ilyas. Au anaweza kujiuliza: je, kama karatasi ya majeruhi mmoja ingepata mtu wa kuijibu, ingekuwaje? Hapo ndipo anapozaliwa Hamza. Kwa maoni yangu, Hamza na Ilyas ni maisha ya mtu wa aina moja yaliyogawanywa kwa swali moja tu, nani alijibu.

Kuhusu madai ya askari hao kuna kisa ambacho wengi wamekisikia. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliridhia kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai huku kwetu. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na cheti, basi wakapewa fagio badala ya bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani washike silaha begani. Miili yao ikakumbuka. Kisa hicho husimuliwa kwa kuchekesha, lakini mimi kinaniudhi. Miaka zaidi ya arubaini baadaye, mzee anatakiwa athibitishe kwa fagio kwamba aliumia. Kule barazani Afiya hakumwomba Hamza ashike fagio.

Sanamu, tenzi na riwaya zetu

Wapo watakaoniambia kwamba mashujaa wetu wanakumbukwa vya kutosha. Sawa. Ukishuka Posta utaiona sanamu ya Askari iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927. Kijana wa shaba, kifua mbele, singe imenyooshwa kuelekea bandarini. Miguu yake yote miwili mizima. Tukivuka kwenda Kariakoo tunakanyaga jina la wapagazi wa vita ile ile, na wengi wanaonunua vitenge pale hawajui hivyo. Kwa vita vya Kagera tunayo makaburi ya Kaboya na tunayo Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai. Haya yote yana kazi yake, nayo ni ya lazima. Lakini sanamu haichechemei, na gwaride halina mke wa kulikanda mguu kwa maji ya moto usiku.

Kwa upande wa maandishi tunacho kitabu cha Baldwin Mzirai, Kuzama kwa Idi Amin (1980), na tunao Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika (1981). Tazama vichwa hivyo: kuzama, anguko. Ni vichwa vya ushindi, na ilikuwa haki yake, kwa kuwa mwaka ule nchi ilihitaji kuimba. Ila jina la adui ndilo lililokaa juu ya jalada. Aliyerudi na mguu usiokunjika hayumo.

Riwaya pendwa nazo, zile tulizokua nazo zikiuzwa chini ya miti na vibanda vya magazeti, zimejaa mapenzi, na zimejaa pia majambazi na wapelelezi. Katika zile nilizosoma mimi, na nimesoma si haba, sijamkuta majeruhi wa Kagera akipendwa. Mapenzi tunayo, vita tunayo, lakini tumevitenganisha kama waislamu na kitimoto. Ndiyo maana hadithi ya aina hii imetufikia kwa Kiingereza, ikihusu vita ya zamani zaidi, kutoka kwa Mzanzibari aliyekwenda Uingereza miaka ya 1960. Huo ndio uchungu niliousema juu. Riwaya yake Paradise (1994) tayari imefasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022), na ni kazi ya kushukuru. Lakini tafsiri itatupa Hamza. Haitatupa mzee wa Tandika. Huyo ni wajibu wetu.

Upungufu

Uhakiki usioona dosari ni pambio, kwa hiyo niseme na hili. Baada ya ndoa, mkono wa Afiya unasahaulika mno kuliko nyonga ya Hamza. Katika kurasa za mwanzo mkono ule ulikuwa kiini cha hadithi. Baadaye yeye ndiye anayeuliza na Hamza ndiye anayesimulia. Mimi nilingoja usiku mmoja ambapo Hamza naye angeushika mkono ule akauliza, "Na wewe, ilikuwaje?" kwa urefu ule ule. Kwangu mimi mizani haikukaa sawa. Msanii aliyejua kuweka majeraha mawili angeweza kuyapa haki sawa, na hapa yule mwenzetu wa semina ana hoja kidogo: mwanamke akigeuzwa kuwa mwuguzi tu, mapenzi yanaanza kunuka sukari kweli.

Hoja yake nyingine ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Kama mke analipa kwa upendo deni la serikali, je, si tunaisamehe serikali? Hadithi tamu ya mapenzi inaweza kumlaza msomaji akaona mambo yamekwisha, mzee amepata wa kumkanda mguu, basi tena.

Jibu langu ni kwamba Gurnah hakukubali kumaliza kitabu kwa harusi. Mtoto wa Hamza na Afiya amepewa jina la mjomba aliyepotea, Ilyas, na mtoto huyo anasumbuliwa na sauti zinazomwulizia huyo mjomba. Nyumba ina mapenzi, lakini deni limeingia hata ndani ya usingizi wa mtoto. Mwisho wa kitabu yeye ndiye anayekwenda Ujerumani na kupekua nyaraka mpaka anajua mjomba alikufaje. Yaani riwaya iliyoanza kupenda kwa vikaratasi vya siri inaishia kwenye karatasi za dola, ikidai. Mapenzi hapa hayakufuta daftari. Yamezaa mtoto wa kulishika daftari.

Hitimisho

Nilirudi kwa jirani zangu baada ya kumaliza kitabu. Nilitaka kumwambia Bibi kwamba alisema kweli. Nilimkuta ametoa sanduku nje anaanika nguo. Chini kabisa, ndani ya kanga kuukuu ambayo maandishi yake yamefifia, alikuwa na bahasha la kaki limejaa karatasi. Barua za Afande, akaniambia. Miaka na miaka zimekwenda ofisi moja na kurudi, njoo kesho, faili halionekani, leta nakala. Siku hizi hazipelekwi tena.

Nikamwuliza, mbona bado unazitunza?

Mzee akadakia kutoka kitini, "Mwambie huyo msomi wa Mlimani kwamba ni barua za mapenzi."

Walicheka wote wawili. Bibi akazifunga tena katika kanga akazirudisha chini ya sanduku, na mimi nikapewa chai. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, mzee aliniambia mguu uliumia wapi na namna gani. Haikuwa bomu wala mamba. Sitaliandika hapa, kwa sababu aliniambia kama jirani, na Bibi alikuwa ameketi karibu akisahihisha tarehe.

Kwa mwenzetu wa semina, basi, chimbuko nililoliona mimi ni hili: majeruhi aliyeandika akidai haki yake, asijibiwe na aliyepaswa kujibu, kisha akajibiwa na mtu ambaye hakuwa na deni lolote. Anayetaka kuandika hadithi hiyo kwa Kiswahili, daladala za Temeke zinapatikana muda wote. Ashuke Tandika, aulize taratibu, na akiambiwa ni mamba, asibishe siku ya kwanza.